Haba na Haba Hujaza Baiti: Historia ya Kubadili Vipimo vya Kasi ya Data na Deni la Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza baadhi yenu, kwa kuwa yaonekana kuwa mali ya mafundi wa mitambo wala si ya wanafunzi wa lugha. Nataka kuzungumzia jinsi kasi ya data katika mitandao ya simu inavyobadilishwa kuwa kasi ya data katika vyombo vya kuhifadhia, hasa vile vya zamani: disketi, CD, diski za ndani ya kompyuta na flashi. Nitajaribu kuonyesha kwamba ugumu wa jambo hili hautokani na hesabu. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Ugumu unatokana na historia ya koo mbili za vipimo zilizokutana bila kutambulishana, na sehemu kubwa ya ugumu huo imo katika maneno.

Naomba tuanzie Chimala. Chimala ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, mahali ambapo Uwanda wa Usangu unakutana na ukuta wa milima inayopanda kwenda Matamba na Kitulo. Mji huu umo katika ukanda wa njia kuu za Nyanda za Juu Kusini. Kuna barabara ya TANZAM itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Zambia. Kuna reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Katika ukanda huohuo limelazwa bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968. Katika karne hii umeongezwa mkongo wa taifa wa mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao tawi lake la kusini hupita Iringa na Mbeya kuelekea mpakani Tunduma.

Barabara, reli, bomba na mkongo ni vitu vinne tofauti, lakini vyote vinatuuliza swali moja lenye pande mbili: ni kiasi gani kinapita kwa muda gani, na huko mwisho wa safari kuna ghala la ukubwa gani la kukipokea? Upande wa kwanza ni wa kasi, upande wa pili ni wa kiasi. Mtu asipojua kipimo kinachotumika kila upande, hawezi kujua kama ameletewa chake au amepunjwa.

2.0 Kibaba, Pishi na Debe

Waswahili hawakusubiri kompyuta ili wajifunze kubadili vipimo. Katika biashara ya pwani, vibaba vinne vilifanya pishi moja. Bidhaa nzito kama pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, ambayo katika biashara ya Unguja ilikuwa takriban ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mfanyabiashara aliyetoka bara na kufika Bagamoyo alilazimika kuhama kutoka kipimo cha ujazo kwenda kipimo cha uzito, na kutoka sarafu moja kwenda nyingine, tena kichwani, mbele ya mnunuzi asiyekuwa na huruma.

Ninalotaka tulizingatie hapa ni jambo la lugha. Kibaba kilikuwa chombo cha kupimia nafaka, na nafaka yaweza kujazwa kwa namna mbili: ukafuta mdomo wa chombo kwa kijiti au kiganja hadi nafaka ikawa sawa na ukingo, au ukaiacha ikae kichuguu juu. Kiswahili kiliyapa mambo haya mawili majina mawili. Cha kwanza kiliitwa kibaba cha mfuto, na cha pili kibaba cha tele. Aliyekubaliana na mwenzake juu ya vibaba kumi alikuwa na haja ya kuuliza swali la pili: vya mfuto au vya tele? Neno kibaba peke yake halikutosha kumaliza mapatano.

Baadaye likaja debe, neno lenye asili ya lugha za Bara Hindi, likimaanisha bati la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza. Bati likiisha mafuta likawa kipimo cha nafaka, na hadi leo mkulima wa Usangu huhesabu mavuno kwa madebe na magunia. Kwake yeye mgogoro wa mfuto na tele haujaisha, ila umebadili jina na kuitwa lumbesa. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukipambana na ufungashaji huo ambao humfanya mkulima auze gunia moja na sehemu ya la pili kwa bei ya gunia moja.

Mkulima huyo ana elimu nyingine itakayotufaa mbele. Anajua kwamba mpunga si mchele. Mpunga ukikobolewa, kwa kawaida takriban theluthi mbili ya uzito wake ndiyo hubaki kuwa mchele, na sehemu nyingine ni makapi na pumba. Kwa hiyo lori linaloondoka Chimala na tani kumi za mpunga halikubeba tani kumi za chakula. Hakuna anayeona makapi kuwa wizi, kwa kuwa ndiyo yanayoihifadhi punje hadi ifike mashineni. Wizi huanza pale mtu anapouza mpunga kwa jina la mchele.

3.0 Ukoo wa Waya

Sasa tuingie katika koo zetu mbili. Ukoo wa kwanza ni wa waya, yaani wa simu na mitandao, na babu yake ni telegrafu.

Waya wa kwanza wa chini ya bahari kufika Unguja ulitokea Aden mwaka 1879. Waya wa namna hiyo una tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha mambo yote yaliyofuata: hupitisha alama moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka daraja jembamba. Kwa mhandisi wa waya, swali la maana ni alama ngapi zinavuka kwa sekunde. Hajali kama alama hizo zikikusanywa zitakuwa herufi, sauti au picha. Mfaransa Émile Baudot, aliyepata hataza ya mfumo wake wa telegrafu mwaka 1874, alitumia alama tano kwa kila herufi, na jina lake ndilo lililozaa kipimo cha bodi, ambacho ni idadi ya mabadiliko ya alama kwa sekunde.

Mwaka 1948 Claude Shannon alichapisha nadharia yake ya hisabati ya mawasiliano. Humo alikitaja kipimo kidogo kuliko vyote cha taarifa, yaani uchaguzi mmoja kati ya mambo mawili: ndiyo au hapana, sifuri au moja. Alikiita biti, na akasema kuwa jina hilo lilipendekezwa na John Tukey.

Simu nayo ikafuata njia ya biti. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Alec Reeves alikuwa amebuni namna ya kuigeuza sauti kuwa tarakimu. Mfumo uliokuja kukubalika duniani huipima sauti ya mzungumzaji mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha, utapata biti 64,000 kwa sekunde. Hiyo ndiyo njia moja ya simu. Mfumo wa Ulaya, ambao Tanzania pia huufuata, hufunga njia 32 za namna hiyo katika fungu moja liitwalo E1, lenye kasi ya megabiti 2.048 kwa sekunde. Kati ya njia hizo, 30 hubeba mazungumzo, moja hulinganisha mwendo na nyingine hubeba ishara za kupigia simu. Juu yake kuna fungu kubwa la STM-1, lenye megabiti 155.52 kwa sekunde, ambalo katika mpangilio wa kawaida hubeba mafungu 63 ya E1. Mkizidisha 63 kwa 2.048 mtapata 129.024 tu. Makapi yameanza kuonekana.

Kwa Tanzania ukoo huu ulilelewa na Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na baadaye na TTCL, iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kwa miaka mingi intaneti iliyotoka nje ilitegemea zaidi setilaiti, mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipozinduliwa Dar es Salaam Julai 2009. Katika historia yote hiyo, kuanzia telegrafu hadi mkongo, kipimo kilibaki kilekile: alama kwa sekunde, biti kwa sekunde.

4.0 Ukoo wa Ghala

Ukoo wa pili ni wa ghala, na babu yake hakuwa mpiga simu bali karani. Mwaka 1890 sensa ya Marekani ilihesabiwa kwa kadi zilizotobolewa matundu, kwa mashine za Herman Hollerith. Kadi ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na kila safu ilibeba herufi moja. Karani hakuwa na sababu ya kuhesabu matundu. Alihesabu herufi, kwa kuwa herufi ndizo zilizounda jina la mtu, kiasi cha mshahara au namba ya mzigo. Diski ya kwanza ya kibiashara, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilitangazwa kwa idadi ya herufi ilizoweza kuhifadhi, nazo zilikuwa milioni tano.

Mwaka huohuo wa 1956 Werner Buchholz, aliyekuwa akishiriki kuunda kompyuta ya IBM iliyoitwa Stretch, alihitaji jina la fungu la biti linalochukuliwa kwa mkupuo mmoja. Akachagua neno la Kiingereza lenye maana ya tonge au mng'ato, lakini akalibadili tahajia kwa makusudi ili mwandishi mzembe asije akaangusha herufi moja na kulifanya kuwa biti. Wanafunzi wa lugha naomba mlishike hilo: aliyelibuni neno baiti alikwisha kuiona hatari ya kulichanganya na biti, akajaribu kuizuia kwa tahajia. Baiti za mwanzo hazikuwa na ukubwa mmoja. Kompyuta za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, ndizo zilizoieneza baiti ya biti 8, na huo ndio uliokuwa desturi.

Ndani ya kompyuta hakukuwa na daraja jembamba. Kulikuwa na waya nyingi zilizolala sambamba, kila moja ikibeba biti yake kwa wakati uleule. Utepe mpana uliounganisha diski na ubao wa kompyuta katika mfumo wa ATA ulipitisha biti 16 kwa pamoja, yaani baiti mbili kila mara. Ndiyo maana kasi ya mfumo huo ilitajwa kwa megabaiti kwa sekunde: 33, 66, 100, na mwishowe 133.

Wa waya akahesabu biti kwa sababu zilivuka moja moja, na wa ghala akahesabu baiti kwa sababu zilifika mafungu mafungu. Hapana aliyekosea. Kila mmoja alipima kile kilichopita mbele ya macho yake.

Lakini historia haikuishia hapo. Waya sambamba zilipoongezwa kasi, biti zilizoondoka pamoja hazikufika pamoja. Mafundi wakarudi kwenye daraja jembamba. USB ya mwaka 1998 ilitangazwa kwa megabiti 12 kwa sekunde, na ile ya mwaka 2000 kwa megabiti 480. Diski za SATA, zilizoanza kuingia sokoni mwaka 2003, zilitangazwa kwa gigabiti 1.5. Ghala lilikuwa limeoa katika ukoo wa waya. Tangu hapo mtu aweza kukuta biti na baiti ndani ya kompyuta ileile, katika chombo kilekile, wakati mwingine juu ya boksi lilelile.

5.0 Hesabu ya Njia Panda

Mtu anayetaka kutoka kwenye kipimo cha mtandao hadi kwenye kipimo cha ghala anapaswa kupita milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kugawanya kwa nane. Megabiti 480 za USB ni megabaiti 60. Megabiti 12 ni megabaiti 1.5. Hapa hapana siri.

Mlango wa pili ni makapi. Modemu za zamani ziliongeza alama moja mbele ya kila herufi na nyingine nyuma yake, hivyo baiti moja ikasafiri kwa biti 10. SATA nayo huandika kila biti 8 kwa biti 10 ili saa za pande mbili zisipotezane. Ndiyo sababu gigabiti 1.5 hazizai megabaiti 187.5 bali 150. Mpunga wake ni kumi, mchele wake ni nane. Katika intaneti ya kawaida, pakiti ya baiti 1,500 hutumia angalau baiti 40 kwa anwani na alama za njia. Hata CD ina makapi yake. Kwa mwendo wake wa msingi, CD ya muziki hutoa baiti 176,400 kwa sekunde, lakini CD ya data hutoa 153,600 tu, kwa kuwa nafasi iliyobaki hutumika zaidi kusahihisha makosa. Mwanamuziki aweza kuvumilia mkwaruzo mdogo. Mhasibu hawezi.

Mlango wa tatu ni mfuto na tele. Kwa wahandisi wa waya, kilo ni 1,000. Watu wa kompyuta waliozoea kuzidisha mbili kwa mbili walikuta kwamba mbili ikizidishwa mara kumi hutoa 1,024, wakaiita nayo kilo. Tofauti ni ndogo mwanzoni lakini hukua: katika giga hufikia zaidi ya asilimia 7, na katika tera karibu asilimia 10. Ndiyo maana flashi iliyoandikwa gigabaiti 16 huonekana kwenye baadhi ya kompyuta kuwa na 14.9. Mwenye duka hakukuibia. Kiwanda kilipima kwa mfuto na kompyuta imesoma kwa tele. Disketi ndiyo iliyovuka mipaka yote. Ile iliyoitwa ya megabaiti 1.44 ilibeba baiti 1,474,560, yaani 1.44 mara 1,000 mara 1,024: si ya mfuto, si ya tele, bali chotara.

Tuiweke hesabu hii mikononi mwa mtu. Tuchukue mfano wa mtafiti wa isimu anayekaa Chimala kurekodi masimulizi ya wazee wa Kisangu. Anarekodi kwa ubora wa CD: vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila kimoja, njia mbili. Hiyo ni biti 1,411,200 kwa sekunde, au baiti 176,400. Saa moja ya masimulizi ni megabaiti 635 na ushei. Kama angetaka kuihifadhi katika disketi, angehitaji 431.

Sasa anataka kuituma saa hiyo moja chuoni. Kwa modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, bila kuhesabu makapi, atahitaji saa 42. Kwa E1 nzima, megabiti 2.048, atahitaji dakika 41 na zaidi kidogo. Lakini mwanafunzi anayesikia kuwa laini ni ya "mega mbili" akadhani ni megabaiti, atatarajia kumaliza kwa dakika tano. Atakapoona dakika arobaini zimepita atasema laini ni mbovu, atamlaumu fundi, pengine atakata na kuanza upya, na hata hivyo laini itakuwa imefanya kazi yake yote.

Tumfuate mtafiti huyo kituoni. Ana saa 20 za masimulizi katika CD 20. Akizikabidhi kwa basi la Dar es Salaam, na tuseme safari inachukua saa 12, basi hilo litakuwa limesafirisha gigabaiti 12.7 kwa sekunde 43,200. Ukigeuza, ni megabiti 2.35 kwa sekunde. Mfuko mmoja wa CD juu ya barabara ya TANZAM una kasi kubwa kuliko E1. Kasoro yake ni kwamba biti ya kwanza hufika pamoja na ya mwisho, jioni. Hii si mzaha. Inatufundisha kwamba ghala likisafiri nalo huwa mtandao, na kwamba hatuwezi kulilinganisha basi na waya mpaka tuwe tumevileta katika kipimo kimoja.

6.0 Mkia wa Neno

Nimefika kwenye kiini cha mhadhara. Kwa nini mwanafunzi wetu aliisikia "mega mbili" akakosea?

Kiswahili kimezoea kukata mkia wa neno la kipimo na kubaki na kichwa. Kilogramu imekuwa kilo. Katika soko la Chimala kilo haina maana nyingine ila uzito, na mtu akisema "nipimie kilo mbili" hapana anayeuliza kilo mbili za gramu au za mita. Mkato huo haukudhuru, kwa kuwa sokoni kulikuwa na kilo moja tu iliyokuwa ikisemwa.

Tukafanya vivyo hivyo kwa data. Mwenye simu husema, "Nimebakiwa na mega hamsini," akikusudia megabaiti, kwa kuwa vifurushi huuzwa kwa baiti. Mtu huyohuyo husema, "Ofisini tumefungiwa mega kumi," na hapo ni megabiti, kwa kuwa kasi ya mtandao hutangazwa kwa biti. Mkia umekatwa mara mbili, na kila mkia ulikuwa tofauti. Kichwa kilichobaki ni kimoja, lakini maana zake zimepishana mara nane. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kifurushi cha gigabaiti moja chaweza kumalizika kwa dakika 13 na sekunde 20 kikitumiwa mfululizo. Anayedhani mega ni mega ataona kwamba kingepaswa kumalizika kwa sekunde 100, au atashindwa kabisa kupatanisha hesabu na kuamua kuwa anaibiwa. Aprili 2021, mjadala mkali ulipozuka nchini kuhusu bei za vifurushi vya data, malalamiko yalikuwa juu ya bei. Lakini bei ni fedha kwa kipimo, na mnunuzi asiyekijua kipimo hujadili nusu tu ya bei.

Wataalamu husema kwamba tatizo limetatuliwa na maandishi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Suluhisho hilo ni la macho. Herufi kubwa haisikiki masikioni. Lugha inayosemwa dukani, garini na redioni haina b kubwa. Nayo maneno yenyewe, biti na baiti, yametofautiana kwa irabu moja tu, na biti lina wenzake wa sauti ileile: vijana husema biti kwa mapigo ya muziki, na katika sehemu za pwani biti ni namna ya kutamka binti kabla ya jina la baba. Ile hatari aliyoiona Buchholz mwaka 1956 imehamia kwetu pamoja na maneno yake.

Haitakuwa haki kusema kwamba Kiswahili kimelala. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2011 ikachapishwa Kamusi Sanifu ya Kompyuta ya Omari Kiputiputi. Kazi za namna hiyo zilitupatia majina ya vitu. Kilichobaki ni kazi ya pili, ambayo ni kuyafunga majina katika matumizi ili yasikatwe mikia.

Nina mapendekezo matatu. La kwanza, katika vitabu vya kiada, matangazo ya redio na mikataba ya Kiswahili, kipimo kitamkwe kikamilifu: megabiti kwa sekunde, megabaiti. La pili, kamusi zetu zisiyaorodheshe biti na baiti kama watu wasiofahamiana. Kila moja imtaje mwenzake na uwiano wa nane ulio kati yao, kama kamusi za zamani zilivyotaja vibaba chini ya pishi. La tatu ni la ujasiri kidogo. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilibuni viambishi vipya, kama kibi na mebi, ili kutofautisha 1,024 na 1,000. Viambishi hivyo havijaingia midomoni mwa watu. Sisi tunayo maneno yaliyokwisha fanya kazi hiyohiyo kwa kibaba. Kwa nini mwalimu wa kompyuta asiseme gigabaiti ya mfuto kwa bilioni moja kamili, na gigabaiti ya tele kwa ile iliyozidi? Sipendekezi kuyafukua maneno ya kale kwa ajili ya pambo. Nayapendekeza kwa sababu mkulima wa Mbarali anayeijua lumbesa atalielewa somo hilo kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni.

7.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo moja linalonifanya nisilione suala hili kuwa la anasa. Sauti nyingi za lugha zetu za Nyanda za Juu Kusini, za Kisangu, Kihehe, Kibena, Kikinga na Kiwanji, zilirekodiwa na watafiti katika vyombo ambavyo sasa vinazeeka. CD huchakaa, disketi huharibika, na mashine za kuzisomea zinatoweka madukani. Sauti hizo lazima zihamishwe kutoka ghala la zamani hadi ghala jipya, na njia ya kuzihamishia ni mtandao.

Tuchukulie mkusanyo wa CD 1,000 za saa moja moja. Ni gigabaiti 635. Mkuu wa idara anayeambiwa kwamba chuo kina laini ya "mega kumi" na kuielewa kuwa megabaiti atapanga kazi ya saa 18, atamweka kijana mmoja, ataomba umeme wa jenereta wa siku moja. Kazi halisi ni ya karibu siku sita mfululizo, bado hatujatoa makapi. Siku ya pili fedha zitakwisha, kijana ataondoka, na sehemu kubwa ya mkusanyo itabaki kabatini ikingoja mwaka wa fedha ujao. Mzee aliyesimulia hawezi kuombwa asimulie tena. Atakuwa amepotea kwa sababu ya irabu moja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakuishia kwenye haba wala hawakuishia kwenye kibaba. Walitaja vyote viwili katika pumzi moja, na kati yake wakaweka kitendo kinachoviunganisha. Nasi tukitaja biti, tuitaje na baiti yake. Biti nane hujaza baiti moja, na anayelijua hilo hatapunjwa njiani wala ghalani.